Shati Halifui: Kauli ya Kati ya Kiingereza na Ilikotoka

Wiki iliyopita nilikuwa napitia kazi ya mfasiri mchanga aliyepewa lebo za nguo azitie Kiswahili. Moja ilisema: "This shirt washes well in cold water." Yeye akaandika, "Shati hili linafua vizuri kwa maji baridi." Nikamwomba aisome kwa sauti. Alipofika kwenye "linafua" akanyamaza, maana shati halifui. Akarekebisha: "Shati hili linafuliwa vizuri." Bado. Sasa anayesifiwa ni dobi, na lebo haimjui dobi, inasifu kitambaa.

Sentensi hiyo iko katika kauli ya kati. Umbo lake ni la kutenda, lakini kiima chake ndicho kinachotendwa. Mtenda yupo kimawazo, kwa kuwa shati halijifui, ila hana pa kukaa katika sentensi: ongeza "by my mother" mwishoni, na Mwingereza ataikataa papo hapo. Tena sentensi ya namna hii kwa kawaida hudai kielezi au ukanusho. "This shirt washes" peke yake inaning'inia. Mimi huitenga na "the door opened", ingawa zinafanana kwa sura. Ile ya mlango inasimulia tukio. Hii ya shati inataja tabia ya kitu, awe anafua nani, iwe leo au mwakani.

Jina lenyewe lilianzia kwa Wagiriki wa kale. Kwao "louo" ni naosha, na "louomai" ni naoga. Wanasarufi wao wakaiita kauli hii ya pili mesotes, hali ya katikati, kwa kuwa haikutulia kwenye kutenda wala kutendwa. Mimi nayapenda zaidi majina ya Kisanskriti aliyoyatumia Panini, mwanasarufi wa India ya kale: parasmaipada, neno kwa ajili ya mwingine, na atmanepada, neno kwa ajili ya nafsi. Kuhani anayetoa sadaka kwa niaba ya mtu, tendo lake ni "yajati". Mwenye sadaka anayeitoa kwa faida yake ni "yajate". Irabu moja ya mwisho inakwambia nani atakula matunda ya tendo.

Kigiriki na Kisanskriti vilirithi mfumo huo kutoka lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, na Kiingereza nacho kimetoka tumbo hilo hilo. Viambishi vyake vilikwenda wapi? Katika Kigothi, lugha ya ukoo wa Kijerumani iliyoandikwa karne ya 4, bado unaviona: "haitada", anaitwa. Lakini tayari vilikuwa vimegeuka kuwa vya kutendwa, na katika wakati uliopo tu. Kufika Kiingereza cha Kale, mfumo mzima ulikuwa umesaliwa na neno moja, "hatte", lenye maana hiyo hiyo ya kuitwa.

Ndugu na jirani zake waliziba pengo kwa kiwakilishi cha kujirejea. Mjerumani husema kitabu "verkauft sich gut", Mfaransa "se vend bien", kana kwamba kitabu kinajiuza. Waskandinavia wa kale walikigandisha kiwakilishi chao "sik" mwishoni mwa kitenzi, na Waingereza wakaazima neno lao likiwa nacho ndani: "busk", kujiandaa, linalosikika hadi leo Scotland, limetokana na "buask". Kiingereza chenyewe kilikuwa kimeshapoteza kiwakilishi cha aina hiyo tangu kale.

Ila kilikuwa na jambo jingine. Ukoo wa Kijerumani ulikuwa na kiambishi -jan, kilichofanya kazi ya -sha yetu. "Drench" ni mtoto wa "drink": kunywa na kunywesha. Wengi leo wanalijua kwa maana ya kulowesha chapachapa, lakini mfugaji anayemnywesha ng'ombe dawa ya minyoo bado huita kazi hiyo "drenching", na maana ya kale ingali hai zizini. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha mti. Ile j ilibadili irabu ya shina, kisha yenyewe ikapotea. Kwa vitenzi vingine hata tofauti ya irabu ikafutika. Kuyeyuka kulikuwa "meltan" na kuyeyusha "mieltan". Leo vyote ni "melt". Kuungua "byrnan", kuunguza "bærnan". Leo vyote ni "burn". Wazungumzaji wakazoea kitenzi kisicho na alama kubeba pande zote mbili. Kwa maoni yangu, hapo ndipo njia ya "washes well" ilipofunguka.

Mazoea hayo yalifika mbali. Hadi karne ya 18 "the house is building" ilikuwa Kiingereza safi, maana yake nyumba inajengwa. "Is being built" ilipoanza kuenea mwishoni mwa karne hiyo, iliwakera wanasarufi, na baadhi yao waliendelea kuipiga vita katika karne ya 19.

Mfasiri wetu aliipata baada ya kuitafuta kidogo: "Shati hili linafulika vizuri kwa maji baridi." Kauli ya kutendeka inabeba shati na mlango pamoja, linafulika na umefunguka, na dobi hatajwi.

Akaniuliza kama Kiswahili nacho kina "hatte" yake, umbo lililobaki pembeni. Nikamwambia atazame -ama. Hatuundi tena vitenzi vipya kwa kiambishi hicho, ila kimo katika inama, simama, kwama, gandama, na mengi kati ya hayo yanahusu mkao wa mwili au kitu kubaki kilipo. Tunayatamka kutwa bila kuuona mshono. Weka inama kando ya inua, au gandama kando ya ganda, nao unajitokeza.