Je, wajua kwa nini Kiingereza huita kitu chapwa "vanilla"?

Mmarekani akisema gari, nyumba au mtu fulani ni "vanilla", hazungumzii harufu. Anamaanisha ni cha kawaida mno, chapwa, hakina cha kukufanya ugeuze shingo.

Wengi hudhani neno lilipata maana hiyo kwa kuwa vanila yenyewe haina ladha. Sivyo hata kidogo. Vanila iliyokaushwa vizuri ina kemikali zaidi ya 200 zinazochangia harufu yake, na ni miongoni mwa viungo ghali kabisa duniani. Lawama ziende kwa aiskrimu. Marekani, ya vanila ndiyo ilikuwa aiskrimu ya kila duka: nyeupe, haina chokoleti, haina matunda, haina karanga. Watu wakaizoea hadi wakaiona kama aiskrimu ambayo haijatiwa kitu, na kumbe imetiwa. Kufikia miaka ya 1970 jina la kiungo lilikuwa limegeuka sifa ya chochote kisicho na nakshi. Waandishi wa programu za kompyuta nao wakalichukua, ila kwao si tusi: programu ya "vanilla" ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kwa mtengenezaji.

Neno lenyewe limetokana na Kihispania, "vainilla", yaani ala ndogo, kama ile ya kisu, kwa umbo la ganda lake. Wahispania waliikuta Meksiko.

Vanila ambayo ni chapwa kweli ni ile mbichi. Chuma ganda la kijani shambani, Madagaska, Uganda au Kagera, ulinuse: karibu hupati kitu. Vanilini, kemikali kuu ya harufu yake, bado imefungamana na sukari, kwa hiyo hairuki hewani. Ni kama kitunguu, ambacho kikiwa kizima hakikutoi machozi mpaka kisu kivunje seli na vilivyotengwa ndani vikutane. Kwa vanila, kazi ya kisu hufanywa na joto. Maganda huchovywa dakika chache kwenye maji ya nyuzi 60 na kitu, kisha hufungwa ndani ya blanketi yatoe jasho. Seli zikishavunjika, kimeng'enya, kichocheo cha asili kilichomo ndani ya ganda, huikata ile sukari na vanilini huachiwa. Baada ya hapo ni kuanika na kuhifadhi kwa miezi.

Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini maabara kutokana na kitu kilichomo kwenye msonobari. Tangu hapo, biskuti na aiskrimu za bei nafuu hutiwa kemikali hiyo moja badala ya ganda zima, na nadhani wengi walioiita vanila chapwa walikuwa wameonja hiyo tu.