Mwajiri wako hajakosea: soma herufi W kwanza

"Dada, hawa watu waongo. Hela nimekatwa mimi, kwenye W-2 wameandika wametoa wao." Msimu wa kodi ukianza hapa Marekani, lalamiko hili kuhusu W-2 (fomu ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri) na HSA (akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi) huniwahi kabla sijanywa chai. Safari hii mteja alikuwa ameshawaandikia HR barua kali, na nakala kampelekea bosi. Basi naliandika hapa, mwingine akija nitamtumia tu.

Kwenye kisanduku cha 12 cha W-2, herufi W hubeba pesa zote zilizoingia HSA kupitia mshahara: alizoongeza mwajiri, pamoja na zako ulizokatwa kabla ya kodi. Zote. Makato yanayopita kwenye mpango wa kifungu cha 125 (mpango wa kazini wa kukata kabla ya kodi) yanahesabiwa kisheria kuwa mchango wa mwajiri. Ukikatwa dola 2,600 na kampuni ikaongeza 500, W itasoma 3,100. Hakuna aliyekuibia.

Balaa linaanza mtu anapojisahihishia mwenyewe. Programu ya kodi inamuuliza, wewe umechangia ngapi? Anajaza 2,600. Sasa fomu 8889 (ya HSA, inayoambatana na ritani ya kodi) ina 2,600 mstari wa 2 na 3,100 mstari wa 9 wa mwajiri, jumla 5,700, wakati kikomo cha 2025 kwa mwenye bima ya mtu mmoja ni 4,300. Fomu inampa punguzo la 1,200 asilostahili, halafu inamwambia ana ziada ya 1,400, adhabu 6%. Ziada yenyewe haipo! Akiingiwa na hofu akaenda kuitoa benki, hapo ndipo anapojichomea kweli: ametoa hela kwa jambo lisilo la matibabu, hivyo inatozwa kodi ya mapato na adhabu ya 20% juu yake. Mstari wa 2 ni wa hela uliyopeleka mwenyewe kutoka mfukoni, iliyokwisha kukatwa kodi. Kama hukupeleka, weka sifuri uendelee na maisha.

Makosa ya kweli ya waajiri yapo, tena si machache, hasa kwenye kampuni ndogo ambako mtu wa mishahara ndiye huyohuyo anayeagiza karatasi. Kuyajua hakuhitaji mimi. Chukua slipu ya mwisho ya mwaka. Tuseme mshahara wote 52,000, 401(k) ya kawaida (akiba ya kustaafu) 3,000, bima ya afya 3,120, HSA 2,600. Kisanduku cha 1, mshahara unaotozwa kodi ya mapato, kinatakiwa kusoma 43,280. Cha 3 na cha 5, vya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), visome 46,280, kwa sababu 401(k) haipunguzi kodi hizo mbili. Ukikuta 45,880 na 48,880, hela yako ya HSA imetozwa kodi isivyostahili.

Sasa angalia W. Kama haipo, ila kisanduku cha 1 kimepunguzwa sawasawa, msamaha wa kodi umeshaupata. Kilichokosekana ni taarifa. Omba W-2c (W-2 iliyosahihishwa), na tafadhali usiiweke hela hiyo mstari wa 2, utakuwa umeihesabu mara mbili tena.

Kama W haipo na cha 1 hakikupunguzwa, wengi wetu tunaoandaa ritani tunaiweka mstari wa 2, kodi ya mapato inarudi, kazi imekwisha. Mimi roho haitulii. Zile 7.65% za Social Security na Medicare hazirudi kwa njia hiyo, na kwenye 2,600 ni dola 198.90. Wa kuzirudisha ni mwajiri, kwa 941-X (fomu yake ya kusahihisha kodi za mishahara) na W-2c. Ukiongea na HR, wakumbushe kwa upole kwamba kampuni nayo imelipa 198.90 yake bure. Nimeona barua pepe zilizolala wiki kadhaa zikijibiwa siku hiyohiyo. Ila kama ulishawasilisha ritani kwa mstari wa 2, W-2c ikifika lazima urekebishe kwa 1040-X, ritani ya marekebisho.

Inayonikosesha usingizi ni hali ya tatu: W imeandikwa, lakini cha 1 hakikupunguzwa. Programu inaamini umeshasamehewa, kwa hiyo haikupi kitu. Mwajiri akikataa kurekebisha, au kampuni ikiwa imefungwa, unawapigia IRS (mamlaka ya kodi) baada ya Februari kuisha, na mwisho wa njia ni fomu 4852 badala ya W-2. Vitabu vinaitaja kana kwamba ni kujaza tu. Kwa kweli marejesho yanaweza kuchelewa wakihakiki namba zako, na kuna wateja wenye kiasi kidogo ambao sina hakika kama usumbufu wote huo una faida kwao. Nawaeleza, wanaamua.

Usiingoje 5498-SA, fomu ya benki inayoonyesha michango ya HSA, ndiyo ikuamulie. Benki wana hadi mwisho wa Mei kuituma, na ritani ni Aprili. Fungua akaunti yako, jumlisha michango iliyoingia kati ya Januari na Desemba, linganisha na slipu.

Walioko California na New Jersey: majimbo hayo hayaitambui HSA, kwa hiyo kisanduku cha 16 (mshahara wa kodi ya jimbo) kuwa kikubwa kuliko cha 1 ni sawa kabisa.

Na herufi DD ya kisanduku cha 12, jamani, si HSA. Ni gharama ya bima yako, yako na ya mwajiri kwa pamoja, imewekwa kwa taarifa tu, haikatwi kodi wala haipunguzi. Msiniletee DD.