Kila mwanaume ana tezi dume, na mengine tunayoyachanganya hapa Tanga

Kaa baraza lolote la kahawa Ngamiani jioni, haipiti muda utasikia "fulani kakutwa na tezi dume", na inasemwa kwa sauti ya chini kama vile jamaa keshapangiwa siku. Sasa jamani, wote waliokaa pale wanayo tezi dume, muuza kahawa anayo, hata mtoto wa kiume aliyezaliwa leo asubuhi pale hospitali ya Bombo anayo. Ni kiungo, sio ugonjwa. Imekaa chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo, kwa mwanaume kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, kazi yake kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Tatizo ni kwamba umri ukienda yenyewe inaongezeka ukubwa, inaanza kuubana ule mrija, ndo mzee anaamka usiku mara nne, mkojo unatoka kwa kukatakata, akimaliza anahisi bado upo.

Huko kukua kwa kawaida sio kansa na wala hakugeuki kuwa kansa. Kansa ya tezi dume ni kitu kingine, ila mzee mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, na kansa mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo ile ya kusema "mi nakojoa vizuri sina haja ya kupima" haikai sawa. Wengine wanakimbia sababu ya stori za kidole, yaani dokta kuingiza kidole njia ya haja kubwa aipapase tezi. Kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA, wengi wanaanzia hapo, lakini kinaweza kupanda hata kwa uvimbe wa kawaida au maambukizi, sasa dokta akitaka kuangalia zaidi kwa kidole ni nusu dakika tu unavaa suruali unaenda zako.

Halafu lipo la madafu. Huku kwetu mvulana akizidisha dafu lazima atokee mjomba wa kumwambia "utaota busha wewe". Nazi haijawahi kumpa mtu busha! Busha ni maji yaliyojikusanya katikati ya tabaka mbili za ngozi laini zinazoizunguka korodani. Huku pwani kwa miaka mingi sababu kubwa imekuwa minyoo midogo ya filaria, hawa hawa wanaoleta matende, na wanabebwa na mbu, akiwemo yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu. Sio kwamba umeng'atwa jana leo limevimba, ni kung'atwa mara nyingi kwa miezi na miaka, minyoo wanakaa kwenye mishipa ya limfu wanaiharibu taratibu. Ndo sababu ya zile dawa za kugawiwa mitaani, ivermectin na albendazole, ambazo watu walikuwa wanazipokea wanazitupa wakisema zinaua uzazi. Hazigusi uzazi. Zinaua vijiminyoo vichanga vilivyomo kwenye damu ili mbu asiwabebe kwa jirani. Busha ambalo limeshakuwa kubwa halitanywea kwa kidonge, hilo ni la kupasuliwa, na ni operesheni ya kawaida tu. Na sio kila busha ni la mbu, mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nalo na mara nyingi linaondoka lenyewe kabla hajafika mwaka, mtu mzima naye anaweza kulipata baada ya kuumia au kupata maambukizi.

Ngiri ndo imekuwa jina la kila kitu. Mgongo unauma, ngiri. Tumbo linanguruma, ngiri. Mambo ya chumbani hayaendi, ngiri hiyo, na pembeni ya soko la Mgandini hukosi mtu wa kukuuzia chupa ya dawa ya ngiri aina zote. Hospitalini ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, kwa wanaume mara nyingi kinenani, na ikiendelea inashuka mpaka kwenye pumbu, ndo hapo inachanganywa na busha. Tundu la kwenye ukuta wa tumbo halishonwi na mizizi. Hilo la chumbani linaweza kuwa kisukari, presha, dawa unazotumia, stresi, mambo ambayo hayahusiani kabisa na utumbo kushuka, na mtu anakaa miaka anakunywa chupa huku sukari inamla taratibu.

Hapa naomba usome polepole. Ngiri ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu, inauma na unatapika, hiyo ni dharura usisubiri asubuhi. Na kijana akishikwa na maumivu makali ya ghafla ya korodani moja usimpake mafuta ya nazi, inaweza kuwa imejisokota na damu haifiki, ndani ya masaa 6 hivi bado nafasi ya kuiokoa ni kubwa, baada ya hapo inashuka haraka.

Tukiwa bado kwa wanaume, mbegu na shahawa sio kitu kimoja. Mbegu zinatoka kwenye korodani na ni sehemu ndogo sana ya yale majimaji, mengi yanatoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na hiyo hiyo tezi dume. Ndo maana mwanaume aliyefungwa mirija anaendelea kutoa shahawa kama zamani na nguvu zake zipo pale pale, hajahasiwa. Na hii ya "mbegu zako nyepesi hutungishi mimba" kwa kuangalia kwa macho ni kubahatisha, mbegu zinahesabiwa kwa hadubini maabara.

Sasa kwa wadada. Dada katoka kupima, karatasi yake ya ultrasaundi imeandikwa kizazi kimeelekea nyuma, kuna maji kidogo nyuma ya kizazi, na ovari ya kulia ina kifuko cha maji cha sentimita 2. Kabla hajafika nyumbani Makorora shoga zake wameshasoma picha kwenye simu na hukumu imetoka, kizazi kimepinda hazai, ana PID, ana uvimbe. Tuchukue moja moja. Kizazi kuelekea nyuma wanacho hivyo kama mwanamke mmoja kati ya watano, ni mkao tu, hakizuii mimba. Maji kidogo nyuma ya kizazi yanaonekana sana baada ya yai kutoka, peke yake sio PID, PID ni maambukizi ya kizazi na mirija yake na mara nyingi inakuja na maumivu chini ya kitovu, kuumia wakati wa tendo, uchafu usio wa kawaida, homa, na dokta inabidi akupime yeye mwenyewe sio asome karatasi tu. Na kifuko cha sentimita 2 kwenye ovari kwa mwanamke anayeona siku zake kinaweza kuwa ni yai lake la mwezi ule linakomaa, maana kifuko cha yai kabla ya kupasuka kinafika milimita 18 mpaka 25. Yaani mtu anauziwa dawa ya kuondoa uvimbe ambao ndo uzazi wenyewe unafanya kazi! Mwezi ujao akipima hakipo, aliyemuuzia anajipatia sifa.

Kansa tunayoiita ya kizazi kwa sehemu kubwa ni ya shingo ya kizazi, yaani mlango wa chini unaoingia ukeni, na inaletwa na kirusi cha HPV. Chanjo ya mabinti iliyoanza nchi nzima 2018 ni ya hicho kirusi, sio ya uzazi wa mpango ya kificho.

"Kusafisha kizazi" kwa hospitali ni kuondoa mabaki baada ya mimba kuharibika. Mtaani ni vidonge vya kuweka ukeni, shabu, kitunguu swaumu, mvuke. Hivyo havifiki kwenye kizazi, vinaishia ukeni, na uke una uchachu wake, pH 3.8 mpaka 4.5, unaotunzwa na bakteria wazuri, ukiwaondoa ndo harufu na muwasho vinaanza na unanunua tena cha kusafishia. Udi fukiza kanga na shuka, inatosha.

Kuwashwa na uchafu wa ukeni nako kunaitwa UTI, wakati UTI ni ya njia ya mkojo, na kwa mwanamke mkojo una tundu lake juu kidogo ya uke. Unakunywa antibayotiki za UTI na fangasi inazidi kwa sababu ya hizo hizo antibayotiki.

La mwisho ni kizinda, yaani bikira, na najua makungwi na mabibi watanikasirikia. Sio kifuniko. Ni kingo ya ngozi laini mlangoni mwa uke ambayo kwa kawaida ina uwazi, vinginevyo hedhi ingetokea wapi, na yule binti mmoja mmoja anayezaliwa nacho kimeziba kabisa inabidi afanyiwe operesheni ndogo. Wengine kinanyumbuka bila kuchanika, wapo wasiotoka damu hata tone, kwa hiyo kisarawanda, kile kitambaa cha usiku wa harusi, kikibaki cheupe hakijasema lolote kuhusu binti. Hata dokta akiangalia hawezi kujua, na 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka upimaji wa bikira uachwe kabisa kwa sababu hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha kama mtu ameshawahi kufanya tendo.