Amonaiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Ni konokono wa kale aliyegeuka jiwe.”

Gamba la kujiviringa ndilo linalowapoteza wengi. Amonaiti, mnyama wa bahari wa kale ambaye leo hupatikana akiwa jiwe, ni jamaa wa ngisi na pweza, na mwili wake ulikaa katika chumba cha mwisho tu, kile cha mdomoni. Vyumba vya nyuma vilikuwa na gesi na maji kidogo, navyo viliunganishwa na mrija mwembamba uliofyonza maji ili mnyama aelee. Tazama kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, kilichokatwa katikati: kuta zimepangana mpaka kitovuni, na mrija unapita ukingo wa nje. Konokono hana kuta hizo. Nautilasi, mnyama wa bahari mwenye gamba aliye hai mpaka leo, anazo, ila mrija wake hupenya katikati ya ukuta. Kwa sura amonaiti anamfanana nautilasi, kwa ukoo yuko karibu zaidi na ngisi, na kizazi chake kilikwisha miaka milioni 66 iliyopita.

Pale ukuta unapokutana na gamba hubaki mshono uliochanjika kama jani la kotimiri. Huonekana gamba likishabanduka, na wataalamu huutumia kumtambua mnyama. Anayesugua jiwe mpaka ling'ae huubadilisha umbo, na utambuzi unaharibika.

“Ni nyoka aliyegeuzwa jiwe.”

Ndiyo hadithi ya Whitby, Uingereza, kwamba Mtakatifu Hilda aliwageuza nyoka wa pale kuwa mawe. Mafundi wa mji huo walichonga vichwa vya nyoka kwenye amonaiti na kuviuza. Hakuna aliyepatikana na kichwa chake cha asili. Jina la Hilda limebaki kwenye sayansi: jenasi moja ya huko, yaani kundi la aina zenye ukoo wa karibu, inaitwa Hildoceras.

“Umri wake hupimwa kwa kaboni.”

Kipimo cha kaboni hufika miaka elfu 50 hivi, basi. Amonaiti wa Jurasiki, mojawapo ya vipindi vya dinosaria, wana zaidi ya miaka milioni 140. Hawa hawapimwi, wao ndio kipimo cha umri wa matabaka ya mwamba. Aina moja ilitokea, ikaenea bahari nyingi, ikatoweka upesi, nyingine ikashika nafasi yake. Mwanajiolojia Mjerumani Albert Oppel aliligeuza jambo hilo kuwa utaratibu katika miaka ya 1850, na leo Jurasiki ya Ulaya imegawanywa katika kanda zaidi ya 70, yaani vipande vya muda vinavyotambuliwa kwa amonaiti wake, ambazo kwa wastani hazifiki miaka milioni moja kila moja. Miaka yenyewe kwa tarakimu hutoka kwenye madini ya majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka. Hata mpaka rasmi wa kuanza kwa Jurasiki, huko Kuhjoch nchini Austria, umewekwa pale anapotokea amonaiti Psiloceras spelae kwa mara ya kwanza.

Faida yake tunaiona kwetu Tendaguru, Lindi. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ilikuwa kwenye matabaka yanayopishana na mchanga wa bahari. Amonaiti wa mchanga ule ni miongoni mwa viumbe vilivyosaidia kuonyesha kwamba mifupa mingi ni ya mwisho wa Jurasiki. Mnyama wa nchi kavu alipata umri wake kwa gamba la baharini.

“Kikubwa na kinachong'aa ndicho chenye thamani.”

Dukani, labda. Kwa sayansi, kipande cha sentimita 2 chenye maelezo kinakishinda cha nusu mita kisichojulikana kilikotoka. Andika palepale, kabla hujakifunga: tarehe, mahali kwa GPS, rangi na aina ya mwamba, ni mita ngapi juu au chini ya tabaka linalotambulika, na kama kilikuwa ndani ya mwamba au kimeanguka. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na lina uzito: kilichoanguka huenda kimetoka tabaka lolote la juu.

“Pata nyundo, uvunje jabali.”

Charmouth, kusini mwa Uingereza, mchumaji mzoefu haligusi jabali. Huporomoka bila taarifa, hasa baada ya mvua. Yeye hufika baada ya dhoruba, maji yakiwa yanakupwa, akatafuta kwenye changarawe, maana bahari imeshamchimbia. Bonge la chokaa huwekwa juu ya jiwe imara na kupigwa ukingoni, kufuata tabaka, kwa sababu amonaiti hulala bapa. Ukipiga usoni unampasua yeye. Nyundo ya seremala haifai: chuma chake hurusha vipande vikali. Vaa miwani ya kukinga macho. Kikivunjika, usisugue kingo. Funga kila kipande peke yake, gundi itakuja nyumbani.

Kenya mambo ni tofauti. Mwamba wa tope wa Changamwe na Miritini una amonaiti, lakini Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka leseni kwa kuchimba na kwa kupeleka nje ya nchi. Ukikiona, piga picha karibu na sarafu, kiache, kisha taarifu makumbusho.

“Ukikipaka vanishi, kitadumu.”

Amonaiti wengi wa rangi ya dhahabu ni pairiti, yaani chuma na salfa. Hewa yenye unyevu huifanya itoe asidi: kwanza harufu ya kiberiti, kisha unga mweupe au wa manjano, mwisho nyufa. Vanishi haizuii, kwani unyevu huipenya, na kazi inaendelea chini yake. Osha chumvi kwa maji baridi, kausha mara moja, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Unyevu usizidi asilimia 50, na hewa ya pwani yetu mara nyingi hupita 70, hivyo badilisha au kausha vifuko mara kwa mara. Kilichoanza kutoa unga kitenge siku hiyohiyo. Nakili upya lebo yake kwenye karatasi nyingine uiweke nje ya chombo: asidi ile hula karatasi pia.