Hijama kavu kwa misuli iliyokaza

Hijama kavu ni kuumika bila kuchanja. Kikombe hubandikwa mwilini, hewa iliyomo hupunguzwa, na ngozi pamoja na nyama laini iliyo chini yake huvutwa juu. Hapo ndipo inapoachana na masaji: mkono wa mkandaji hugandamiza msuli, kikombe huuinua. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe iliyofyonzwa kwa mdomo. Leo kuna vikombe vya silikoni, vya kioo vinavyopashwa moto, na vya plastiki vyenye pampu ya mkono. Anayeanza achukue vya pampu. Mvuto wake unadhibitika, na hakuna moto wa kumuunguza mtu.

Kwa mabega yaliyokaza, anayeumikwa hulala kifudifudi. Ngozi isafishwe, kisha ukingo wa kikombe upakwe mafuta kidogo. Penye vinyweleo vingi hewa hupenya na kikombe hudondoka. Kibandike kwenye mnofu ulio kati ya shingo na bega, au kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Vuta pampu mara mbili au tatu, kisha muulize mwenyewe anahisi nini. Kuvutwa na kukazwa ni sawa. Maumivu makali au ganzi ni dalili ya kulegeza papo hapo. Mara ya kwanza dakika 5 zinatosha, baadaye zisizidi 10. Malengelenge hutokea pale kikombe kinapovutwa kupita kiasi au kusahauliwa mgongoni. Wakati wa kutoa, fungua vali hewa iingie, usiking'oe.

Alama za mviringo, kama zile alizoonekana nazo muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016, ni damu iliyovilia baada ya vishipa vidogo kupasuka. Huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Wapo wanaoambiwa kwamba alama nyeusi zaidi ni sumu nyingi zaidi iliyotoka. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayowafanya wengi wavute kupita kiasi. Tafiti zinaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya shingo na kiuno, ingawa nyingi ni ndogo na dhaifu. Kwamba hijama huharakisha msuli kupona baada ya mazoezi, ushahidi wake ni mwembamba zaidi.

Msuli uliochanika leo usiumikwe. Mvuto utaongeza kuvuja damu. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, mwenye jeraha au upele mahali hapo, mwenye mishipa iliyovimba miguuni, na mjamzito tumboni au kiunoni. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi au mguu kukosa nguvu yapelekwe hospitali kwanza.