Homa leo, pima leo: maswali ya vijana wanaokuja kujitolea Dodoma

Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya kijijini. Vijana wa kujitolea tunawapokea kila mwaka, wengine wanatoka Ulaya, wengine Dar na Moshi, na wote karibuni sana, ila kuna kitu nimechoka kukiona: mtu ana homa, anakaa nayo bila kuja kupima malaria.

Kwani Dodoma si kame? Malaria inatoka wapi?
Ipo. Ni kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa ila ipo, hasa mvua zikianza Desemba mpaka Aprili, nenda Bahi kwenye majaruba ya mpunga usiku ndo utajua. Halafu wengi wenu mmepita Dar au Morogoro mkalala huko bila neti, mbu kakuuma kule, homa inakuja kukutokea huku.

Homa imeanza jana, nadhani ni jua na uchovu. Nisubiri?
Usisubiri. Kuna binti aliletwa na bodaboda saa saba mchana, jua linachoma, yeye kavaa sweta na kajifunika khanga mbili juu yake na bado anatetemeka. Siku ya nne hiyo! Wenzake walikuwa wanampa soda wanamwambia ni jua la Dodoma utazoea. Tumetoboa kidole, dakika 20 hazijaisha jibu liko wazi, na kufikia hapo hata siku ya wiki alikuwa haijui. Alipona kwa sindano, ila malaria kwa mtu ambaye mwili haujaizoea inaweza kuwa kali ndani ya siku moja tu. Homa leo, pima leo.

Mbona nameza vidonge vya kuzuia?
Endelea navyo, na neti ulalie, lakini havizuii asilimia 100. Homa leo, pima leo.

Rafiki kaniachia mseto, dawa za malaria, zilizobaki, nimeze?
Hapana jamani! Kwanza hujapima, unatibu nini? Pili mseto ni siku 3, mara 6, na unameza ukiwa umekula, sasa we unameza vinne usiku, asubuhi homa imeshuka unasema nimepona, wadudu bado wamo kwenye damu. Na kwa nini zilibaki? Ina maana na yeye hakumaliza.

Maji ya kisima huku yana chumvi, si inaua vijidudu?
Haiui. Chemsha yatokote kabisa. Mikono osha kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, sio wote sita mnachovya kwenye beseni moja. Ukiharisha, ORS (unga wa chumvi na sukari) pakiti moja kwa lita moja ya maji, na ukiona damu njoo.

Nikishaondoka Tanzania homa ikinishika?
Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama imepita miezi miwili, na useme nimetoka Tanzania kabla hujaulizwa, maana daktari wa kule akiona homa kwenye baridi la Desemba atawaza mafua kwanza.