Alamisho za pamoja kwa walimu: dhana potofu na ukweli

Mwalimu akikuta ukurasa unaofaa darasani, anaweza kuhifadhi anwani yake kwenye akaunti ya mtandaoni badala ya kuiacha kwenye kivinjari cha simu yake. Anaiwekea lebo na maelezo mafupi, na wenzake wanaiona. Hizo ndizo alamisho za pamoja, na Diigo, Raindrop.io na Wakelet ni baadhi ya zana zake. Zitaje kwenye chumba cha walimu uone majibu utakayopata.

"Si tuna kundi la WhatsApp?"

Kwa kupashana habari, linatosha. Ila linki iliyotumwa Jumatatu, ikifika Ijumaa imeshafunikwa na michango ya harusi, tangazo la msiba na picha za mahafali. Ndipo mtu anauliza, "Jamani, nani ana ile linki ya umeme?" Mwalimu aliyehamia mwezi uliofuata kwa kawaida hata hajui kwamba iliwahi kutumwa.

"Lebo ni kazi ya wakutubi."

Hapa ndipo penye faida yote, na ndipo wengi wanapoparuka. Lebo ni maneno ya kawaida tu, lakini lazima mkubaliane. Mmoja akiandika "kidato2", mwingine "form2", wa tatu "F2", zana inahesabu vitu vitatu tofauti na kila mtu anapata theluthi ya hazina. Orodha ya lebo kama ishirini, iliyobandikwa ukutani karibu na ratiba, inamaliza ugomvi.

Kisha maelezo. Chukua uigaji wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ule ambao mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini. Linki tupu haimwambii mwenzako lolote. Andika: "Fizikia, saketi. Unapakuliwa na kutumika bila intaneti. Waache kwanza waunguze betri, ndipo uulize kwa nini." Huyo sasa anaweza kuingia nao darasani kesho.

"Nikihifadhi linki, nimehifadhi somo."

Umehifadhi anwani, mwenye nyumba anaweza kuhama. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Zana zenyewe nazo hufa. Delicious, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuvumisha mtindo huu, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikapita mikononi mwa wengine, na mwaka 2017 mmiliki wa Pinboard, zana nyingine ya alamisho, akainunua na kuzuia watu kuongeza alamisho mpya. Pocket, zana ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa na Mozilla Julai 2025. Kwa hiyo kabla ya kuhamia zana yoyote, angalia kama inakuruhusu kutoa alamisho zako zote kwa faili moja, na ulitoe kila mwisho wa muhula. Ukurasa unaoutegemea sana, omba Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za wavuti, iuwekee nakala.

"Itakula bando."

Orodha ya linki ni maandishi. Video ndiyo mlaji. Maelezo yakisema "video, dakika 12", unaamua kabla ya kufungua.

"Kilichoko mtandaoni ni cha wote."

Kumwonyesha mtu ukurasa ulipo si sawa na kuunakili. Hadithi za watoto za tovuti ya African Storybook, zikiwemo za Kiswahili, zina leseni ya Creative Commons, yaani mwenye kazi ameruhusu wengine waitumie kwa masharti, kwa hiyo unaweza kuzichapa, hata kuzitafsiri, mradi umtaje mwandishi. Kitabu cha kiada kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kupandishwa mahali fulani ni habari nyingine, hata kama linki yake inafunguka vizuri.

Na jedwali la alama za wanafunzi lisiingie humo kabisa. Zana nyingi zina alamisho binafsi, za kundi na za wazi. Kosa la kitufe kimoja linatosha kuweka matokeo ya darasa zima hadharani.